Nani Ataandikwa Kwenye Fomu

Fomu ya kuomba viza ya kazi huuliza mengi ambayo Mzanzibari anayajibu bila ya kufikiri: jina, tarehe ya kuzaliwa, mwajiri, mshahara, cheti cha kipimo cha kifua kikuu. Kigugumizi huanza pale inapouliza utakwenda na nani. Katika nyumba nyingi za Mji Mkongwe, za Ng'ambo au za Makunduchi, jamaa wa nyumba ni pamoja na bibi mzaa mama, mtoto wa dada aliyeletwa mjini kusoma akabaki moja kwa moja, na pengine shangazi aliyeachika akarudi kwao. Fomu inataka mume au mke, na watoto walio chini ya miaka 18. Hao wengine haina kisanduku cha kuwaandika.

Kisanduku hicho kina historia, na sehemu kubwa ya historia hiyo imepita Unguja. Kwa zaidi ya miaka sitini Wazanzibari wamekuwa wakiomba ruhusa ya kwenda kuishi na kufanya kazi katika nchi za watu. Kila mara karatasi waliyoomba iliamua mambo mawili: nani atasafiri, na nani atahesabiwa kuwa jamaa wa nani. La kwanza tunalizungumza sana barazani. La pili huwa tunalijua baada ya ndege kuondoka.

Ni rahisi kudhani kwamba zamani, kabla ya viza, watu walihama na jamaa zao kwa raha. Upepo wa kaskazi ulileta majahazi kutoka Arabuni na Bara Hindi kuanzia Disemba, na kusi ikayarudisha kuanzia Aprili. Hapakuwa na ubalozi wa kupitia. Lakini Wahadhrami, Wangazija, Wagoa na Wahindi wa Kachi waliofika hapa, wengi walitangulia wanaume peke yao. Wengine walioa Unguja huku wana wake kwao. Wengine waliwaita wake na watoto baada ya duka kusimama. Na bahari hiyo hiyo iliwaleta watu ambao hawakuulizwa lolote. Mpaka soko la watumwa lilipofungwa mwaka 1873, mama na mwanawe waliweza kuuzwa kwa wanunuzi wawili tofauti, kila mmoja akaenda zake. Kwa hiyo familia za kisiwa hiki hazikuanza kutawanywa na viza. Viza ilichofanya ni kuuweka utawanyaji huo kwenye maandishi, ukapata vifungu, umri na tarehe.

Maandishi hayo yalianza kuwagusa watu wa kawaida katika miaka ya 1960. Zanzibar ilipata uhuru tarehe 10 Disemba 1963. Mapinduzi yakaja tarehe 12 Januari 1964, na Muungano tarehe 26 Aprili mwaka huo huo. Kwa hiyo mtu aliyekuwa akiishi Shangani au Malindi, bila ya kuhama chumba, katika muda usiofika miezi mitano aliishi chini ya dola ya Sultani, kisha Jamhuri ya Watu wa Zanzibar na Pemba, kisha Jamhuri ya Muungano wa Tanganyika na Zanzibar. Kwa mkulima aliyekuja kupewa eka tatu, mabadiliko hayo yalikuwa na maana moja. Kwa karani aliyepoteza kazi, au mfanyabiashara aliyetaifishiwa nyumba, yalikuwa na maana nyengine. Watu waliuawa, wengine wakafungwa, na maelfu wakaanza kutafuta njia ya kutoka. Hapo ndipo pasi iliyokuwa imelala kwenye sanduku la nguo ikawa kitu cha kwanza kutafutwa.

Familia ya Bulsara, Waparsi wa Mji Mkongwe, ni mfano unaojulikana dunia nzima kwa sababu ya mtoto wao Farrokh, aliyekuja kuitwa Freddie Mercury. Baba yake, Bomi, alikuwa mtunza fedha katika utumishi wa serikali ya Waingereza na alikuwa na pasi ya Uingereza. Mwaka 1964 waliondoka wote, baba, mama, Farrokh na dada yake, wakahamia Feltham, karibu na uwanja wa ndege wa Heathrow. Hadithi hii husimuliwa kama mwanzo wa nyota wa muziki. Ukiisoma kwa jicho la karatasi, cha kushangaza ni jambo dogo zaidi: watu wanne wa nyumba moja waliondoka katika mwaka mmoja na kuingia katika nchi moja.

Wengi hawakuwa na pasi ya namna hiyo. Kwao ilikuwepo sheria ya Uingereza ya uhamiaji kutoka nchi za Jumuiya ya Madola, iliyopitishwa mwaka 1962. Ilileta vocha za kazi za madaraja matatu. Daraja la A lilikuwa la mwenye kazi inayomsubiri. Daraja la B lilikuwa la mwenye ujuzi uliotakiwa, kama vile daktari, muuguzi au mwalimu. Daraja la C lilikuwa la wasio na ujuzi maalumu, na hilo lilifutwa rasmi mwaka 1965. Aliyepata vocha aliweza kufuatwa na mke na watoto walio chini ya miaka 16. Ndugu wa miaka 17, mama mzazi, mpwa wa kulelewa, hao hawakuwamo. Na sheria ilimfikiria mwanamume anayefuatwa na mke. Mwanamke aliyepata vocha yake mwenyewe hakuhakikishiwa kumpeleka mumewe.

Kisha hata ile pasi ya akina Bulsara ikapoteza nguvu. Tarehe 1 Machi 1968, baada ya Wahindi wa Kenya kuanza kumiminika Uingereza, Bunge la London lilipitisha kwa haraka sheria nyengine. Mwenye pasi ya Uingereza sasa alitakiwa awe na uhusiano na nchi hiyo: amezaliwa huko, au mzazi wake, au babu au bibi yake. Asiye na uhusiano huo alipanga foleni ya vocha maalumu, ambazo mwanzoni zilikuwa 1,500 kwa mwaka na zilitolewa kwa mkuu wa kaya. Mwanamke aliyeolewa, kwa kawaida, hakukubaliwa kuwa mkuu wa kaya. Kwa hiyo familia yenye pasi ya aina ile ile, lau ingesubiri miaka minne tu, ingekuta mlango mwengine kabisa. Wakati walioondoka 1964 walipokuwa wakizoea baridi ya Feltham, jamaa zao waliobaki Afrika Mashariki walikuwa wakijifunza kwamba pasi inaweza kubadilishwa maana bila ya kubadilishwa hata herufi moja.

Mwaka huo wa 1968 ndio aliofika Uingereza kijana wa Unguja, Abdulrazak Gurnah. Hakwenda kwa vocha ya muuguzi wala ya mwalimu. Wakati huo, chini ya Rais Abeid Karume, Mzanzibari alihitaji ruhusa hata kuvuka kwenda Tanzania Bara, na kutoka nchini moja kwa moja kulikuwa kugumu zaidi. Huko Canterbury alifanya kazi za mikono hospitalini huku akisoma. Wazazi walibaki Unguja, na hakuweza kurudi kuwaona mpaka mwaka 1984. Alimkuta baba yake hai, naye akafariki muda mfupi baadaye. Aliposhinda Tuzo ya Nobeli ya Fasihi mwaka 2021, tulishangilia kwamba ni wetu. Ni haki kushangilia. Lakini katika hesabu ya karatasi, miaka 16 hiyo ni bei iliyolipwa na nyumba nzima, na waliobaki hawakutajwa kwenye fomu yoyote.

Njia ya pili ilifunguka upande wa pili wa bahari. Tarehe 23 Julai 1970 Qaboos bin Said alitwaa utawala wa Oman, akawaita Waomani waliotawanyika warudi kuijenga nchi. Oman ya siku hizo ilikuwa na shule tatu tu za msingi za serikali. Wazanzibari wenye asili ya huko walikuwa na kitu kilichohitajika: walikuwa wamesoma, wanajua Kiingereza, wamezoea kazi za ofisi na za ualimu. Karatasi iliyotakiwa hapa haikuwa ofa ya kazi. Ilikuwa nisba, yaani jina la kabila na ukoo, na watu wa ukoo huo wa kushuhudia kwamba kweli wewe ni wao.

Kwa baadhi ya familia mlango huu ulikuwa mpana kuliko wa London. Mtu hakuingia kama mgeni wa mkataba. Aliingia kama mwana aliyerudi, na akaweza kuwa raia. Lakini nao ulikuwa na kizingiti chake. Nisba hufuata upande wa baba. Ndugu wawili wa mama mmoja, waliolelewa chumba kimoja Mji Mkongwe, mmoja baba yake Al-Harthi na mwengine baba yake Mswahili wa Pemba, hawakuwa sawa mbele ya afisa wa Maskati. Mmoja alikuwa Mwomani tangu kuzaliwa bila ya kujua. Mwengine alikuwa Mzanzibari wa kuja kutembea. Ndiyo maana mpaka leo ukitembea Ruwi unasikia Kiswahili cha Unguja madukani, na ukirudi Unguja unakuta nusu ya pili ya mazungumzo hayo hayo ikiendelea kwenye simu.

Ghuba ya leo imeleta safari za aina nyengine, na wanaosafiri wengi ni wanawake. Mkataba wa kazi za nyumbani huwa wa miaka miwili, na viza hufungamana na mwajiri mmoja, kafili. Hauna nafasi ya mtoto wala mume. Ripoti ya Human Rights Watch ya mwaka 2017 kuhusu Watanzania wanaofanya kazi za nyumbani Oman na Falme za Kiarabu ilieleza jinsi wengi walivyonyang'anywa pasi na kufanyishwa kazi saa nyingi bila ya mapumziko. Wapo pia waliofanya kazi kwa watu wema, wakajenga nyumba Fuoni na kusomesha wadogo zao. Wote, waliobahatika na wasiobahatika, waliondoka kwa sababu kuna mtu aliyesema: nenda, mimi nitakulelea. Mara nyingi mtu huyo ni bibi.

Na Uingereza imerudia somo lake la 1968. Februari 2022 iliwafungulia viza wahudumu wa wazee na wagonjwa, na waliweza kwenda na mume au mke na watoto. Kuanzia tarehe 11 Machi 2024 waombaji wapya wa kazi hiyo walikatazwa kuandamana na familia. Tarehe 22 Julai 2025 mlango wa kuajiri wahudumu wapya kutoka nje ukafungwa. Muuguzi na daktari bado wanaweza kwenda na watoto wao. Mwenye kumwogesha mzee wa watu na kumlisha, kazi inayofanana zaidi na anayoifanya mama nyumbani kwake, ndiye aliyeambiwa awaache wa kwake.

Fomu humwita mume, mke au mtoto anayefuata "mtegemezi". Neno hilo linastahili kuulizwa. Katika nyumba ya Unguja anayekwenda kazini huko nje anategemewa kwa fedha, ni kweli. Lakini naye anamtegemea bibi anayeamsha watoto kwenda chuoni, anamtegemea shangazi anayepeleka mgonjwa Mnazi Mmoja, anamtegemea mpwa anayefuatilia cheti cha kuzaliwa ofisini. Bila ya hao hakuna viza itakayotumika. Fomu inahesabu utegemezi wa upande mmoja kwa sababu nchi inayopokea inataka kujua gharama zake tu. Sisi hatulazimiki kuhesabu hivyo.

Kwa hiyo wenye umri wa kuomba leo, kabla ya kujaza fomu ya watu, wakae kikao na kuandika yao. Nani ataishi na bibi, na bibi mwenyewe amesemaje? Mtoto wa kulelewa atabaki na nani? Sheria ikibadilika katikati ya mkataba, kama ilivyobadilika 1968 na 2024, nani atarudi na nani atasubiri? Historia haionyeshi kwamba kuondoka ni kosa. Inaonyesha kwamba maswali haya hujibiwa kwa hali yoyote, na nyumba isipoyajibu, afisa wa uhamiaji atayajibu kwa niaba yake.

Wazee wa pwani walisema: mwenda tezi na omo marejeo ni ngamani. Walikuwa wakizungumzia watu wa chombo kimoja. Jamaa waliogawika London, Maskati na Unguja wana vyombo vitatu, na ni bora wakubaliane mapema ngama yao iko wapi.