Kujitetea kwa Silaha na Hukumu Inayofuata: Mafunzo Kutoka Kilwa na Pwani ya Lindi

Mas'ala ya kumzuia mshambuliaji, ambayo wanazuoni wa fiqhi huyaita daf'u swaail, huzungumzwa sana katika darsa zetu kwa upande mmoja tu: je, inajuzu kumpiga anayekuja kuua au kupora? Jibu lake linajulikana. Upande wa pili huachwa. Bunduki imeshalia na mtu ameanguka; nini kinafuata? Nani atamwuliza aliyeua, na kauli yake itapimwa kwa mizani gani?

Katika makala haya tutautazama upande huo wa pili. Tutaanza na vitabu vya fiqhi, kisha tutaingia katika historia ya Kilwa na pwani ya Lindi, na mwisho tutaitazama sheria inayotumika nchini. Tunakusudia kuonyesha jambo moja: haki ya kujitetea haikamiliki mpaka apatikane mwamuzi asiye na upande wa kuisikiliza. Pwani yetu iliwahi kuishi bila mwamuzi huyo, na watu walilipa kwa roho zao.

Walivyosema wanazuoni

Watu wa Kilwa ni Mashafi tangu zamani. Ibn Battuta alipofika mwaka 1331, katika zama za Sultani Al-Hasan bin Sulaiman, aliwakuta katika madhehebu hayo. Kitabu cha Minhaj cha Imam Nawawi (aliyefariki 676 H, sawa na 1277) ni miongoni mwa nguzo za madhehebu haya, na mas'ala ya swiyaal, yaani mashambulizi, yamo ndani yake.

Asili ya hukumu ni hadithi mashuhuri zinazomhesabu kuwa shahidi mtu aliyeuawa akiitetea mali yake. Iko pia riwaya ya Imam An-Nasai ambayo wengi hawaitaji. Mtu alimwuliza Mtume (S.A.W.) afanye nini akijiwa na anayetaka mali yake. Akaelekezwa kwanza amkumbushe mtu huyo Mwenyezi Mungu, kisha aombe msaada kwa Waislamu walio karibu, kisha kwa mtawala, na yote hayo yakishindikana ndipo apigane. Tazama, ndugu msomaji, kwamba mtawala ametajwa kabla ya silaha.

Kutokana na dalili kama hizi, mafaqihi waliweka ngazi. Mshambuliaji huzuiwa kwa jambo jepesi zaidi linalotosha: kwa maneno au kupiga kelele za kuomba msaada, kisha kwa mkono, kisha kwa fimbo, na kuua huwa ni mwisho wa ngazi. Anayeweza kuokoka kwa kukimbia na akaacha, akaua, amevuka mpaka kwa kauli yenye nguvu katika madhehebu. Hali kadhalika, mshambuliaji akishaanguka au akageuka kukimbia, sababu ya kumpiga imeondoka. Aliyeua ndani ya mipaka hii hana kisasi, hana diya, wala hana kafara. Aliyeivuka anadhaminishwa alichokizidisha.

Sasa tuje kwenye upande unaosahauliwa. Mtu akiua, kisha akadai kuwa marehemu ndiye aliyemshambulia, na mawarithi wakakanusha, kauli yake peke yake haitoshi. Hutakiwa bayyina. Mashahidi wakisema kuwa walimwona marehemu akiingia nyumbani kwa muuaji hali ameinua silaha kumwelekea, hiyo hutosha kwa mafaqihi wetu. Wakisema tu kwamba aliingia akiwa na silaha, bila ya kuiinua, haitoshi, isipokuwa akiwa anajulikana kwa uharibifu au ana uadui naye.

Mifano miwili ya zama za Masahaba inalieleza jambo hili. Imepokewa kuwa Sayyidna Umar (R.A.) aliletewa kesi ya binti aliyemuua kwa jiwe mwanamume aliyetaka kumwingilia kwa nguvu, naye akahukumu kuwa damu ya mtu yule haina diya. Katika Muwatta ya Imam Malik, Sayyidna Ali (R.A.) aliulizwa kuhusu mtu aliyemuua mwanamume akidai kuwa amemkuta na mkewe. Yeye akaona kuwa asipoleta mashahidi wanne, atolewe kwa mawarithi. Mmoja alisalimika na mwingine alitakiwa ushahidi, lakini wote wawili walisikilizwa. Msingi huo unakamilishwa na kanuni nyingine ya fiqhi: kadhi hahukumu katika jambo linalomhusu nafsi yake, na akifanya hivyo hukumu yake haipiti.

Kilwa Kivinje, Septemba 1888

Mwezi Aprili 1888 Sultani Khalifa bin Said wa Zanzibar alitia saini mkataba wa kuikodisha pwani kwa Kampuni ya Wajerumani ya Afrika Mashariki. Mwezi Agosti maofisa wa kampuni wakaanza kuingia bandarini kukusanya ushuru na kushika hukumu. Upinzani uliwaka pwani nzima, kutoka Pangani hadi Mikindani. Lindi na Mikindani maofisa waliondoka wakasalimika. Kilwa Kivinje mambo yalikuwa mengine. Wajerumani wawili, Krieger na Hessel, waliambiwa waondoke, wakabaki. Nyumba yao ikazingirwa, risasi zikarushwa, na wote wawili wakafa.

Hapa ndipo mwanafunzi wa fiqhi anapotakiwa asimame na kufikiri. Nani alikuwa swaail? Waliokuwa ndani ya nyumba wangesema kuwa wanatetea roho zao dhidi ya umati wenye silaha. Waliokuwa nje wangesema kuwa wanautetea mji wao dhidi ya wageni waliokuja kuutwaa kwa karatasi ambayo wao hawakushauriwa. Kila upande ulikuwa na kauli ya kujitetea. Kauli mbili kama hizi ndizo zinazohitaji kadhi asiyekuwa miongoni mwa wagomvi, ili apime nani alianza, nani aliweza kuondoka akakataa, na nani alizidisha.

Kadhi huyo hakuwepo. Jibu la Ujerumani halikuwa kesi, lilikuwa jeshi. Mwanzoni mwa 1889 bunge la Ujerumani lilipitisha marki milioni 2 kwa ajili ya vita, na Hermann von Wissmann akapewa uongozi. Mwezi Mei 1890 manowari na askari walifika kusini, na Kilwa, Lindi na Mikindani zikatwaliwa moja baada ya nyingine. Mnara wa kumbukumbu uliojengwa Kilwa Kivinje unawataja Wajerumani wale wawili. Watu wa mji waliokufa katika mambo hayo hawakujengewa mnara.

Mwembe Kinyonga na Mohoro

Baada ya hapo, Hassan bin Omari, maarufu kwa jina la Makunganya, aliendelea kuupinga utawala mpya akiwa bara ya Kilwa, na mwaka 1894 wapiganaji wake waliishambulia boma ya Kilwa. Mwezi Novemba 1895 alikamatwa na askari wa Wissmann, ambaye wakati huo alikuwa Gavana. Akanyongwa Kilwa Kivinje pamoja na wenzake, juu ya mti ambao hadi leo jina lake ni Mwembe Kinyonga.

Hatusemi kuwa kila alilolifanya Makunganya lilikuwa halali kisheria; hilo ni suala la kupimwa kwa ushahidi. Tunachosema ni kuwa aliyeshambuliwa, aliyekamata, aliyehukumu na aliyenyonga walikuwa mamlaka moja. Kwa kanuni tuliyoitaja, hiyo si hukumu. Ni mgomvi aliyejipa kiti cha kadhi.

Mwezi Aprili 1896 Wajerumani walitoa amri iliyopanga uendeshaji wa kesi za jinai za wenyeji, na hukumu ya kifo ikatakiwa kuthibitishwa na Gavana. Lakini wakati wa maasi mlango wa kuharakisha uliachwa wazi. Kinjeketile wa Ngarambe alinyongwa Mohoro tarehe 4 Agosti 1905, vita vya Majimaji vikiwa ndiyo kwanza vimewaka katika milima ya Umatumbi. Vita vile viliendelea kwa muda wa miaka miwili, na njaa iliyofuata iliua wengi kuliko risasi. Kamba ya Mohoro haikuzima kitu.

Sheria ilivyobadilika

Waingereza walipochukua Tanganyika waliingiza Kanuni ya Adhabu ya India mwaka 1920, ambayo ilikuwa na sura maalumu ya haki ya mtu kujitetea. Mwaka 1930 ikaja Kanuni ya Adhabu ya Tanganyika, nayo ikalirejesha suala hili kwenye misingi ya sheria ya Uingereza. Mwaka 1980 Bunge la Tanzania liliyaandika masharti yake waziwazi, na katika toleo la mwaka 2002 yamo katika vifungu vya 18 hadi 18C. Kila mtu ana haki ya kujitetea, kumtetea mwenzake na kuitetea mali. Nguvu itumike kwa kadiri inayohitajika. Kuua kunavumiliwa katika hatari kubwa, kama vile hofu ya msingi ya kuuawa, kujeruhiwa vibaya au kubakwa. Aliyeua kwa kuzidisha nguvu katika kujitetea ana kosa la kuua bila kukusudia, si mauaji.

Msomaji ataona jinsi masharti haya yanavyokaribiana na ngazi za mafaqihi. Tofauti kubwa iko katika mzigo wa ushahidi. Katika fiqhi, aliyeua ndiye anayetakiwa bayyina. Katika mahakama zetu, mshtakiwa akiuleta utetezi huo ukatia shaka ya msingi, shaka hiyo ni yake, na upande wa mashtaka ndio wenye wajibu wa kuiondoa.

Yanayompasa aliyefikwa

Katika vijiji vya Kilwa na Liwale gobore si kitu kigeni, kwa kuwa nguruwe na wanyama wengine huharibu mashamba. Kwa hiyo mas'ala haya si ya vitabuni tu. Aliyefikwa na jambo hili asikimbie, kwani kukimbia humpa kila mtu sababu ya kumdhania ubaya. Atoe habari haraka kwa uongozi wa kijiji na kituo cha polisi. Mwili, silaha na maganda ya risasi viachwe vilivyo mpaka polisi wafike, maana hivyo navyo ni mashahidi. Aliyejeruhiwa, hata akiwa ndiye mshambuliaji, apelekwe hospitali. Uadui hauondoi haki ya nafsi. Waliosikia ukelele au kuona watajwe mapema, kabla kumbukumbu hazijachafuka.

Kituoni, mtuhumiwa ana haki ya kujulishwa kosa analotuhumiwa na kuwa na ndugu au wakili wakati wa kutoa maelezo ya onyo. Aseme kweli, wala asiongeze wala asipunguze ili apendeze. Ajue pia kuwa shtaka la mauaji halina dhamana, na kwamba katika mahakama ya chini hatatakiwa kujibu chochote, kwa kuwa kesi hiyo husikilizwa na Mahakama Kuu. Huko hupewa wakili kwa gharama za serikali akiwa hana uwezo. Kusubiri kunaweza kuwa kurefu, na hapo jamaa na jirani wana wajibu kwa mkewe na watoto wake, kama walivyo na wajibu kwa mayatima wa aliyekufa. Tena, kumiliki silaha bila kibali ni kosa linalojitegemea chini ya Sheria ya Udhibiti wa Silaha na Risasi ya 2015, hata kama risasi yenyewe ilipigwa kwa haki.

Ama wale wanaomkamata mwizi, wakamfunga, kisha wakampiga mpaka afe, hao hawana nafasi katika mlango huu kwa sheria yoyote kati ya hizi mbili. Mtu aliyefungwa si swaail tena. Waliomzunguka wamekuwa mlalamikaji, kadhi na mnyongaji kwa pamoja, na hicho ndicho kilichofanyika chini ya Mwembe Kinyonga. Haielekei tuwalaumu Wajerumani kwa jambo hilo kisha tulifanye wenyewe kwa maskini aliyeiba kuku.

Wallahu a'alam.