Mabondia Wanaoandamwa na Jana: Historia ya filamu za ndondi zilizopikwa kwa pesa kidogo

Usiku wa Novemba 14, 1947, mashabiki waliojaa Madison Square Garden, New York, walianza kuzomea kabla pambano halijaisha. Jake LaMotta, bondia aliyesifika kwa kutoanguka, alikuwa ameegemea kamba akipokea makonde ya Billy Fox bila kurudisha la maana. Raundi ya nne mwamuzi akasimamisha mchezo. Ilipita miaka 13 kabla LaMotta hajakiri mbele ya kamati ya Seneti ya Marekani kwamba aliliuza pambano lile. Magenge yaliyoushika mchezo wa ngumi yalikuwa yamemwahidi nafasi ya kugombea ubingwa wa dunia, na mwaka 1949 akaupata.

Wapenzi wa sinema hawakuisubiri kamati. Mwaka huohuo wa 1947 ilitoka Body and Soul, iliyoongozwa na Robert Rossen, ambamo John Garfield anaigiza bingwa aliyekubali fedha ili apigwe. Pembeni yake yupo Canada Lee, mwigizaji mweusi aliyewahi kuwa bondia wa kulipwa na kuacha ngumi baada ya kuumia jicho. Lee anaigiza bingwa wa zamani mwenye damu iliyoganda kichwani. Wakubwa wanaijua hali yake, na bado wanampandisha ulingoni. Mpiga picha James Wong Howe naye aliingia kati ya kamba akiwa na kamera mkononi na viatu vya magurudumu miguuni, ili awafuate mabondia kwa karibu.

Filamu hiyo haikuwa ya bei rahisi. Nyingi zilizoifuata zilikuwa na fungu dogo zaidi, na uhaba huo ndio uliozipa sura yake. Kujaza ukumbi watu elfu kumi ni gharama, lakini kumwangalia mtu mmoja akifungwa bendeji mikononi hakugharimu kitu. Mwongozaji aliyekosa pesa za mapambano makubwa alibaki na bondia wake kabla ya kengele na baada yake. Huko ndiko yanakokaa madeni, ndoa zilizovunjika na vipigo vya miaka ya nyuma.

Dakika 72 za Stoker

Mfano ulio wazi zaidi ni The Set-Up, filamu ya kampuni ya RKO iliyotoka mwaka 1949 chini ya Robert Wise. Ina dakika 72, na hadithi yake nayo inachukua dakika zilezile. Saa ya mtaani inaonyeshwa mwanzoni na mwishoni, na muda uliopita kwenye saa ni ule aliokaa mtazamaji kitini. Karibu kila kitu kinatokea ndani ya ukumbi wa mji mdogo, kwenye hoteli iliyo ng'ambo ya barabara na katika uchochoro wa nyuma.

Bondia wake, Stoker Thompson, ana miaka 35. Anayemwigiza ni Robert Ryan, ambaye mwenyewe alikuwa bingwa wa ndondi alipokuwa chuoni Dartmouth. Mkewe amechoka kumwona akipigwa na amekataa kwenda ukumbini. Meneja wake ameshapokea dola 50 ili Stoker aanguke, ila hajamwambia, kwa sababu ana hakika atapigwa tu.

Sehemu kubwa ya filamu iko katika chumba cha kubadilishia nguo. Mabondia wanatoka mmoja mmoja na kurudi mmoja mmoja. Kuna kijana anayetapika kwa hofu kabla ya pambano lake la kwanza. Kuna mzee wa ulingo, Gunboat Johnson, anayerudia kisa cha bondia aliyeshindwa mara 21 kisha akawa bingwa, na muda mfupi baadaye analetwa amebebwa. Kwa mmoja Stoker anajiona alivyokuwa, na kwa mwingine atakavyokuwa. Anapokuja kuambiwa siri ya meneja, raundi ya mwisho haijaanza. Anakataa, anashinda kwa nokauti, na wahuni wanamsubiri uchochoroni wamvunje mkono.

Hata hivyo kuna jana moja ambayo filamu iliifuta. Chanzo chake ni shairi refu la Joseph Moncure March la mwaka 1928, ambalo bondia wake, Pansy Jones, ni mweusi aliyetoka jela. Studio ilimfanya mzungu asiye na kifungo. James Edwards, mwigizaji mweusi, alipewa nafasi ya pembeni ya bondia kijana mwenye matumaini. Mzigo wa ubaguzi uliokuwa moyo wa shairi ukaachwa nje ya mlango.

Kijana wa Bronx na kamera yake

Wakati huo Stanley Kubrick alikuwa mpiga picha wa jarida la Look. Mwaka 1949 alimpiga picha bondia Walter Cartier wa New York, kisha akarudi kwake kutengeneza filamu fupi, Day of the Fight, iliyotoka mwaka 1951. Inamfuata Cartier kutwa nzima akisubiri usiku wa pambano, na kwa sehemu kubwa ni filamu ya kungoja.

Killer's Kiss ya mwaka 1955 ilikuwa filamu yake ndefu ya pili, iliyogharimu takriban dola 75,000 zilizochangwa kwa jamaa na marafiki. Kubrick aliongoza, akashika kamera na akahariri mwenyewe. Sauti ziliingizwa baadaye studioni. Bondia Davey Gordon anapigwa mapema katika hadithi, na kinachobaki ni mtu asiye na kazi anayempenda jirani yake Gloria, msichana wa ukumbi wa dansi anayesumbuliwa na bosi wake.

Gloria ana kisa cha baba aliyeugua na dada mcheza baleti aliyeacha jukwaa ili aolewe na tajiri, akaishia kujiua. Kulionyesha hilo kwa picha kungedai nyumba, hospitali na waigizaji wengine. Kubrick alimweka mchezaji baleti mmoja, Ruth Sobotka, aliyekuwa mkewe, acheze peke yake jukwaani gizani huku sauti ya Gloria ikisimulia. Ni dakika chache ambazo kila mpenzi wa filamu hiyo anazikumbuka.

Kutoka runingani hadi Stockton

Oktoba 11, 1956, televisheni ya CBS ilirusha moja kwa moja Requiem for a Heavyweight, mchezo wa Rod Serling, mwandishi aliyepigana ngumi alipokuwa jeshini. Jack Palance, naye bondia wa zamani, aliigiza mtu anayeambiwa na daktari kwamba amefika mwisho. Meneja wake, aliyezidiwa na madeni, anataka kumvika vazi la kuchekesha na kumpeleka kwenye mieleka. Ilipofanywa filamu mwaka 1962, ilifunguliwa na kijana Cassius Clay, Muhammad Ali wa baadaye, akirusha makonde moja kwa moja kwa kamera, kana kwamba mtazamaji ndiye anayepigwa.

Miaka kumi baadaye John Huston, ambaye pia alipigana ujanani, alitengeneza Fat City kutokana na riwaya ya Leonard Gardner. Aliipigia picha Stockton, California, kwenye baa na vyumba vya kupanga vya watu wanaoishi kwa vibarua vya mashambani, na kuwapa nafasi mabondia halisi, akiwemo Curtis Cokes aliyewahi kuwa bingwa wa dunia. Bondia Billy Tully, anayeigizwa na Stacy Keach, hamsahau mkewe aliyemwacha, wala pambano la Panama alikokatwa kwa wembe. Alikwenda huko peke yake kwa sababu meneja alikuwa akibana matumizi. Anaporudi ulingoni na kushinda, makato yanamwachia dola 100.

Dola milioni moja

Machi 24, 1975, Chuck Wepner alimstahimili Muhammad Ali hadi sekunde za mwisho za raundi ya 15. Sylvester Stallone aliliona pambano hilo, akaandika mswada, na akakataa kuuuza bila yeye mwenyewe kuigiza. Filamu hiyo, Rocky, ilipigwa picha kwa siku 28 na kugharimu takriban dola milioni moja. Fedha za kujaza uwanja wa barafu hazikuwepo, kwa hiyo bondia Rocky na mpenzi wake Adrian walibaki wawili tu, yeye akitembea na Adrian akiteleza, wakisimuliana maisha yao. Kaptula ya Rocky iliyochorwa kwenye bango ilikosewa rangi, nalo kosa likaingizwa katika mazungumzo.

Kabla ya kuwa mshindani wa bingwa Apollo Creed, Rocky ni mkusanya madeni wa mkopeshaji wa riba, mtu ambaye kabati lake la nguo mazoezini limepewa kijana mwingine. Filamu ilitwaa Oscar tatu, ikiwemo ya filamu bora, na kuingiza zaidi ya dola milioni 117 Marekani. Pesa zilipofika, muendelezo nao ukafika. Katika Rocky IV ya mwaka 1985, shujaa anaendesha gari usiku akikumbuka yaliyompata, na kumbukumbu zenyewe ni vipande vya filamu zilizotangulia. Jana yake ilikuwa imegeuka kuwa bidhaa ya kampuni.

Njia ya zamani ilirudi mwaka 2000 kwa Girlfight, filamu ya kwanza ya Karyn Kusama, iliyogharimu takriban dola milioni moja na kugawana tuzo kuu ya tamasha la Sundance. Michelle Rodriguez, ambaye hakuwa na uzoefu wa kuigiza, ni Diana, msichana wa Brooklyn anayejifunza ngumi kwa siri. Mama yake alijiua, na Diana anamlaumu baba aliyekuwa akimpiga mama huyo. Filamu ina mapambano ya ulingoni, tena mazuri. Lakini lililo zito kuliko yote linapiganwa nyumbani kwao, kati ya binti na baba, na kulipiga picha hakukuhitaji umati, kengele wala mwamuzi.