Kuona Umeme kwa Macho: Historia ya Osiloskopu, kutoka Strasbourg hadi Nyamirambo

Wiki hii zamu ya kuandika imenifikia mimi, yule wa mambo ya redio na nyaya. Wengine wametuletea historia ya wafalme, ya mipaka, ya muziki. Mimi naleta historia ya chombo. Msikimbie jamani, ina watu ndani yake, na baadhi yao walikuwa mbali na kwao kama sisi.

Nianze na kosa langu mwenyewe. Nilipofika Kigali kutoka Bukavu, nilikaa kwa kaka yangu mkubwa hapa Nyamirambo. Alikuwa na laptopu moja tu, ndiyo aliyosomea. Nilikuwa nimesikia kwamba kompyuta inaweza kugeuzwa kuwa osiloskopu, yaani kile chombo kinachochora umeme kwenye kioo kama mstari unaopanda na kushuka. Sikuuliza mtu. Nikachukua nyaya za spika ya redio kubwa, nikazichomeka moja kwa moja kwenye tundu la maiki. Nikaona mstari mzuri sana, sekunde mbili hivi. Halafu ukalala, na tundu lile halijasikia kitu tena hadi leo. Kaka hakunigombeza. Alinyamaza siku tatu, na hiyo iliniuma kuliko kugombezwa.

Kumbe nilikuwa nimerudia, bila kujua, safari ya zaidi ya miaka mia moja ya watu waliotaka kuona umeme.

Kwa nini kuuona? Kwa sababu mita ya kawaida inakupa namba moja tu. Ni kama mtu akuambie kwamba kituo cha Nyabugogo kwa wastani kina watu kadhaa kila saa. Sawa, lakini asubuhi ikoje? Jioni watu wanasukumana vipi? Namba haisemi. Umeme wa ukutani hapa Rwanda unapanda na kushuka mara 50 kwa sekunde. Sauti ya mtu anayeimba inabadilika mara mamia kwa sekunde. Fundi asiyeona umbo la mabadiliko hayo anatibu mgonjwa bila kumpima.

Zamani watu walichora umbo hilo kwa mkono. Mnamo 1880 Mfaransa Jules Joubert alipima umeme wa jenereta nukta kwa nukta: anapima sehemu moja ya mzunguko, anaandika, anasogeza kidogo, anapima tena, mwishoni anaunganisha nukta kwenye karatasi. Hebu fikirieni uvumilivu wake! Na njia hiyo ilifaa tu kwa umeme unaojirudia vilevile. Kitu kikitokea mara moja na kupita, kimekupita.

Mwaka 1897, katika mji wa Strasbourg, profesa mmoja Mjerumani aitwaye Karl Ferdinand Braun alitengeneza mrija wa kioo uliotolewa hewa. Ndani yake mshale wa elektroni unaruka kutoka nyuma na kugonga kioo cha mbele kilichopakwa dawa ya kung'aa. Pale unapogonga inaonekana nukta ya mwanga. Ukiweka koili kando ya mrija na kupitisha umeme unaotaka kuuchunguza, nukta inavutwa juu na chini. Kwa mara ya kwanza kalamu ya kuchorea umeme haikuwa na uzito, kwa hiyo iliweza kukimbia nao. Miaka miwili baadaye msaidizi wake, Jonathan Zenneck, aliongeza namna ya kuivuta nukta pembeni kwa mwendo wa sawasawa, ndipo muda wenyewe ukaonekana kwenye kioo. Braun hakuchukua hakimiliki ya mrija ule. Aliandika jinsi unavyofanya kazi, kila mtu akawa huru kuutengeneza. Televisheni zile nene za zamani zilitokana na mrija huo.

Mwaka 1909 Braun alipewa Tuzo ya Nobel ya fizikia pamoja na Guglielmo Marconi, kwa kazi yao ya mawasiliano ya redio. Kama habari ingeishia hapo, ingekuwa hadithi ya mkubwa mmoja wa Ulaya. Lakini vita ya kwanza ya dunia ilipoanza, Braun alisafiri kwenda Marekani kuwa shahidi katika kesi ya kituo cha redio cha Wajerumani kule Sayville, New York. Alidhani atarudi. Njia ya kurudi ikafungwa. Mwaka 1917 Marekani nayo ikaingia vitani, na yeye akahesabiwa kuwa raia wa nchi adui. Alifariki Brooklyn tarehe 20 Aprili 1918, vita haijaisha. Mwisho wa mwaka huohuo, mji wake wa Strasbourg ulihamia Ufaransa bila kusogea hata hatua moja.

Niliposoma hayo mara ya kwanza, nilifunga simu nikakaa kimya. Nusu yetu humu tuna mzee aliyeondoka nyumbani kwa wiki mbili.

Turudi kwenye chombo. Baada ya vita ya pili, Wamarekani wawili, Howard Vollum na Jack Murdock, walianzisha kampuni ya Tektronix huko Portland, Oregon, mwaka 1946. Osiloskopu yao ya kwanza sokoni, namba 511, ilitoka 1947 kwa bei ya dola 795. Ujanja wake ulikuwa huu: ilisubiri wimbi lifike kimo fulani ndipo ianze kuchora. Kwa hiyo kila mchoro ulianzia mahali palepale, na picha ikatulia badala ya kuruka-ruka. Lakini dola 795 za wakati ule! Chombo kikawa cha maabara, cha jeshi, cha viwanda. Fundi wa mtaani akabaki na sikio lake na kidole chake.

Wakati huohuo, kule Manchester, Uingereza, Freddie Williams na Tom Kilburn walichukua mrija wa aina ileile ya Braun, wakautumia kuhifadhi namba kama nukta za chaji kwenye kioo. Kompyuta yao ndogo iliendesha programu yake ya kwanza tarehe 21 Juni 1948, kumbukumbu yake ikiwa ndani ya mrija huo. Yaani osiloskopu ndiyo iliyoikopesha kompyuta kumbukumbu. Miaka mingi baadaye kompyuta ikaja kulipa deni.

Ililipaje? Hapa anaingia mhamiaji mwingine. Harry Nyquist alizaliwa Sweden mwaka 1889, akahamia Marekani mwaka 1907 akiwa kijana. Akichunguza laini za telegrafu, mwaka 1928 alichapisha hesabu ambazo Claude Shannon alizikamilisha mwaka 1949. Kwa maneno ya mtaani: huhitaji kulitazama wimbi kila wakati. Ukilichungulia zaidi ya mara mbili katika kila mzunguko wake, una habari za kutosha kulijenga upya. Ndiyo sababu CD za muziki, zilizoanza kuuzwa 1982, zinachungulia sauti mara 44,100 kwa sekunde, kwa kuwa sikio la binadamu linaishia karibu na mizunguko 20,000. Mwaka 1989 kampuni ya Creative ya Singapore ikaleta kadi ya sauti ya Sound Blaster, na kidogokidogo kila kompyuta ikapata sikio.

Sasa, sikio hilo linajali nini kama volti zinazoingia zinatoka kwenye maiki au kwenye saketi yako? Halijali. Linahesabu tu. Kilichobaki ni programu ya kuzichora hizo hesabu. Mwaka 2000 Dominic Mazzoni na Roger Dannenberg wa Chuo Kikuu cha Carnegie Mellon walitoa Audacity, programu huria ya kurekodi sauti. Ukirekodi na kuvuta picha karibu, unaona wimbi lenyewe, nukta kwa nukta, kama daftari la Joubert. Chuo hichohicho kina tawi hapahapa Kigali tangu 2011. Zipo pia programu kama xoscope, zinazochora papo kwa papo kama osiloskopu yenyewe.

Wimbi la umeme wa ukutani, mizunguko 50, linapata nukta 882 kila mzunguko. Picha safi kabisa. Wimbi la mizunguko 1,000 linapata nukta 44, bado zuri. Ukikaribia 20,000 zinabaki nukta mbili tu, picha inakuwa mbaya. Na jambo lingine: kadi ya sauti ina kapasita mlangoni inayozuia umeme uliotulia. Ukiweka betri, mstari unaruka mara moja halafu unarudi sifuri. Kwa betri tumia mita.

Baada ya kuharibu laptopu ya kaka, niliweka pembeni pesa za kubeba mizigo, nikanunua kadi ndogo ya sauti ya kuchomeka kwenye USB. Ikiungua, laptopu inabaki. Mbele yake nikaunganisha risista mbili, moja ya kiloomu 100 na nyingine ya kiloomu 10, ili volti 9 zishuke hadi chini ya volti 1. Halafu dayodi mbili zilizogeuziana mgongo, zinazomeza kinachozidi. Kitu cha sarafu chache, ambacho kingeniokolea siku tatu za kimya.

Kisha ikaja amplifaya ya kwaya yetu. Ilikuwa inanguruma, mmmmmm, hata mtu asipoimba. Fundi mmoja alisema imekufa, wanunue mpya. Kwaya haikuwa na hela hiyo, na Jumamosi kulikuwa na harusi. Mama kiongozi wa kwaya akaniletea, akasema: "Mutoto yangu, angalia tu. Ukiharibu, ilikuwa imeharibika tayari." Nikachukua sauti kwenye tundu la nyuma la kutolea sauti, laptopu ikiwa kwenye betri yake. Kwenye Audacity yakatokea mabonde na vilima, kilima hadi kilima sehemu 10 za elfu za sekunde. Hesabu: vilima 100 kwa sekunde. Umeme wa ukutani ni 50, lakini dayodi za usambazaji umeme zinakunja nusu ya chini kuwa juu, zinakuwa 100. Kazi ya kapasita kubwa ni kujaza mabonde hayo. Mabonde hayakuwa yamejazwa, basi kapasita ilikuwa imekauka. Nikachomoa waya ukutani, nikaachia chaji iliyobaki, nikaweka kapasita mpya niliyonunua mjini kwa Matheus. Nikapima tena: mstari karibu umenyooka. Mama yule hakutazama kioo. Aliweka sikio kwenye spika, akasikia kimya, akacheka.

Hadi leo wananiita nije na "ile kompyuta ya kuona."

Tahadhari, na hapa sitanii. Usiunganishe kamwe laptopu na umeme wa ukutani, hata kupitia risista. Usiiunganishe na saketi za ndani za chaja au televisheni, zile zilizogusana na umeme wa ukutani. Waya wa chini wa kadi ya sauti unafika hadi kwenye mwili wa kompyuta, na mikono yako iko pale. Redio za betri, vifaa vya sola vidogo, amplifaya kupitia tundu lake la kutolea sauti: anzia hapo.

Kwa ndugu zetu wa mashirika: mnapoondoa laptopu kwa sababu zimekuwa nzito kwa kazi za ofisi, kumbukeni kwamba laptopu ya miaka kumi bado inachungulia mara 44,100 kwa sekunde. Mafunzo ya ufundi tunayopewa mara nyingi yana mita moja kwa vijana ishirini. Laptopu tatu za zamani na kadi za sauti za USB zingetosha watu wazima wakajifunza kuona.

Na ninyi vijana wa Kimisagara, wa Kigeme, wa Mahama: nani kati yenu ana redio inayonguruma? Nirekodieni huo mngurumo kwa simu, muuweke hapa chini. Nitauvuta karibu, tuhesabu vilima pamoja.