Mhusika kama Somo: Riwaya ya Kiingereza na Msichana wa Sekondari wa Kehancha

Utangulizi

Neno "somo" lina maana mbili zinazohusu makala hii. Kwanza, ni jambo linalofundishwa darasani. Pili, kama wanavyolitumia wanawake wa mwambao, ni mwanamke anayekabidhiwa mwari ili amfunde mambo ya utu uzima. Makala hii inakusudia kueleza kwa ufupi jinsi mhusika wa riwaya alivyopata kuwa somo, kwa maana hiyo ya pili, katika darasa la Kiingereza la sekondari nchini Kenya. Mfano wetu ni Kehancha, mji wa Wakuria katika kaunti ya Migori, karibu na mpaka wa Tanzania. Hoja yetu ni kwamba msomaji kijana hufaidika na mhusika anapochunguza mhusika huyo alipata wapi msaada siku alipolazimika kuamua, na kwamba desturi ya kuorodhesha sifa za wahusika humficha jambo hilo.

Chimbuko la Mhusika wa Nyumbani

Katika enzi ya ukoloni, mitihani ya sekondari ilitoka Cambridge, na vielelezo vya ushujaa na uovu vilitoka kwa Shakespeare na waandishi wengine wa Uingereza. Tarehe 24 Oktoba 1968, Ngũgĩ wa Thiong'o, Henry Owuor-Anyumba na Taban lo Liyong waliandika waraka mjini Nairobi wakipendekeza Idara ya Kiingereza ya chuo kikuu ivunjwe, na fasihi ya Afrika iwekwe katikati ya mafunzo. Mwaka 1974 mjadala huo uliingia katika ngazi ya shule, pale walimu na wahakiki walipokutana Nairobi School kuzungumzia ufundishaji wa fasihi ya Kiafrika. Mfumo wa 8-4-4 ulipoanza mwaka 1985, lugha na fasihi ya Kiingereza viliunganishwa kuwa somo moja. Mtihani wa kwanza wa KCSE ulifanywa mwaka 1989.

Mabadiliko hayo yalimleta mhusika karibu na msomaji. Hata hivyo, namna ya kumsoma haikubadilika sana. Mtahini aliendelea kuuliza sifa mbili za mhusika pamoja na ithibati zake, na mwanafunzi akajibu kwamba fulani ni jasiri, fulani ni mwenye tamaa. Ujasiri ukawa kama rangi ya ngozi: mtu huzaliwa nao au hukosa.

Kutoka Muthoni hadi Resian

Kwa msichana wa Kehancha suala hili si la mtihani pekee. Miongoni mwa Wakuria, wazee wa baraza la inchama ndio ambao kwa desturi huamua msimu wa esaro, yaani tohara, na msimu huo mara nyingi huangukia likizo ya Desemba. Ukeketaji ulipigwa marufuku kwa sheria ya mwaka 2011. Pamoja na hayo, mwaka 2020, shule zilipokuwa zimefungwa kwa sababu ya Uviko-19, wasichana wengi wa Kuria walikeketwa, na baadhi yao walitembezwa barabarani mchana kweupe kwa nyimbo na shangwe.

Riwaya ya The River Between ya Ngũgĩ (1965) ilikwisha kuligusa jambo hili. Muthoni, binti wa mhubiri, anakwenda kutahiriwa kwa hiari yake, kisha anakufa. Anatamani kuwa mwanamke kamili machoni pa watu wake bila kuiacha imani yake mpya. Mwanafunzi wa Kuria anaielewa tamaa hiyo mara moja, lakini Muthoni hamwonyeshi njia ya kutokea. Akoko, katika The River and the Source ya Margaret Ogola (1994), ana njia: anasafiri hadi Kisumu kudai haki mbele ya utawala wa kikoloni. Huyo, hata hivyo, ni mwanamke mzima, mama na nyanya, si msichana aliye chini ya mamlaka ya baba.

Ndiposa Blossoms of the Savannah ya Henry ole Kulet (2008), iliyokuwa kitabu teule cha KCSE tangu mwishoni mwa miaka ya 2010 hadi mapema miaka ya 2020, ilikuwa na uzito wa pekee Kuria. Resian na dada yake Taiyo wanahamishwa kutoka Nakuru hadi Nasila, ambako wanatukanwa kwa jina la Kimaasai la wasichana wasiotahiriwa, intoiye nemengalana. Msomaji wa Kehancha hahitaji kutafsiriwa tusi hilo. Kwao ni omosagane.

Resian ana ndoto ya kusoma Chuo Kikuu cha Egerton, na kabla hajamwona Minik, mwanamke msomi aliyepewa jina la Emakererei kwa kuwa alisoma Makerere, amekwisha kumfanya somo wake kwa kusikia habari zake tu. Majibu mengi ya darasani huishia hapo: msichana jasiri na mlezi msomi. Lakini tuisome hadithi kwa makini. Resian anapotekwa, kupigwa na kulazwa mahututi, anayemuuguza na kumtorosha ni Nabaru, mganga wa kienyeji. Bila mwanamke huyu wa kijijini, Resian asingemfikia Minik. Ole Kulet anatuonyesha kwamba somo mwenye kuokoa anaweza kutoka ndani ya jamii ile ile inayotisha.

Tena yupo Taiyo. Huyu anakeketwa kwa nguvu. Mwandishi hamwachi hapo; anamfikisha kwa Minik, kisha njiani kuelekea chuo kikuu pamoja na mdogo wake. Mwalimu anayemsifu Resian peke yake huenda, bila kukusudia, akamwambia msichana aliyekwisha kukeketwa, aketiye kimya dawati la nyuma, kwamba hadithi hii haimhusu. Inamhusu, na Taiyo ndiye ushahidi.

Hitimisho

Tumeonyesha kwamba historia ya mhusika katika darasa la Kiingereza nchini Kenya ni safari ya kutoka mbali kuja karibu. Hatua iliyobaki ni ya mbinu. Badala ya kuuliza Resian ana sifa gani, mwalimu na aulize: ni nani aliyempa habari, ni nani aliyemfungulia mlango, na ni nani aliyempokea? Maswali hayo yanajibika kwa ithibati za kitabu, kwa hiyo hayamnyimi mwanafunzi alama. Aidha, mwanafunzi anaweza kuyapeleka kijijini kwao kabla ya Desemba: shangazi, muuguzi, nyanya au mwalimu, ni nani kati yao angekuwa Nabaru? Msichana anayeweza kumtaja mtu mmoja kwa jina amekwisha kupata faida kubwa kuliko alama za insha.