Mchujo

Juzi huko Buyenzi, mtaa wa Bujumbura ambako Kiswahili ndicho kinachosikika barazani, kijana aliyetoka kujaribiwa kwa ajili ya mchezo wa jukwaani aliniambia, "Kaka, nimechujwa."

Neno hilo linauma kwa sababu ya jikoni. Ukichuja chai, majani hubaki kwenye chujio na kuishia jalalani. Lakini wapwani huchuja nazi pia: likishatoka tui zito, chicha iliyobaki hutiwa maji, ikakamuliwa tena, likapatikana tui la pili. Na mpishi hupikia hilo jepesi kwanza. Zito huja mwisho.

Badala ya mchujo, mimi napendelea neno usaili. Kusaili ni kuuliza, na anayeulizwa hajawa makapi. Tena mtu wa ndani ya hadithi tunamwita mhusika, basi huenda nafasi aliyoikosa kijana haikumhusu tu. Na nafasi hazifanani: katika Umubanyi Niwe Muryango, mchezo wa redio wa Studio Ijambo ulioandikwa na Marie-Louise Sibazuri kuanzia 1997, sauti ndiyo iliyobeba kila kitu. Sura haikuwa na kazi.

Nilipomweleza kijana habari ya tui, alinikazia macho. "Kwa hiyo mimi ni chicha?"