Mafuta ya taa au gesi? Tuangalie tarehe kwanza

Kila bajeti ikisomwa lazima mtu aseme "mwananchi ahamie gesi." Sawa. Lakini ahamie lini?

2016 gesi ya kupikia iliondolewa VAT. Hapo ndipo nilianza kuona meko nyingi madukani Wote. Septemba 2018 mafuta ya taa yakaongezwa ushuru wa Sh18 kwa lita, eti kwa sababu kuna watu wanayachanganya na dizeli. Mama wa stovu alichanganya nini? Mwaka huo huo Kitui ikapiga marufuku kusafirisha makaa nje ya kaunti. Haya, tukahamia gesi. Julai 2021, VAT ya 16% ikarudi! 2022 ikashuka hadi 8%, 2023 ikaondolewa tena.

Mimi niko upande wa gesi, moshi si mchezo. Shida ni kwamba mafuta ya taa unapimiwa ya Sh50, unapika leo. Mtungi wa kilo 6 unalipiwa wote mara moja, na kibarua analipwa jioni kwa jioni. Ndiyo maana huko Mutomo na Kibwezi vijijini kuni hazijatoka jikoni, VAT iwepo isiwepo.