Mdomo wa Bata Usio na Jina: Walipuliza, Tukacheza, Hatukuuliza Wao ni Nani

Leo tuache kidogo stori za nani kaachana na nani. Nina stori ya kale, ila imenikuta juzi tu pale Benaco, Ngara, nikiwa nasubiri gari la kwenda Biharamulo. Someni mpaka mwisho maana nina ombi.

Kama unaijua Benaco, unajua kusubiri gari kulivyo. Malori ya kutoka Rusumo yanapita, vumbi, mahindi ya kuchoma, haisi inasema inaondoka sasa hivi na saa nzima inapita. Nikatoa simu, nikaweka muziki bila kuvaa spika za masikioni (najua, tabia mbaya). Nilikuwa nasikiliza Sons of Kemet, kundi la London lililokuwa na Shabaka Hutchings kwenye saksafoni. Lilikuwa kundi la ajabu kidogo: saksafoni moja, tuba moja na wapiga dramu wawili. Halikuwa na gitaa wala kinanda, na bado lilitikisa.

Pembeni yangu alikuwa amekaa mzee mmoja na fimbo yake. Nikamwamkia, "Shikamoo babu." "Marahaba mjukuu wangu. Huyo anayepuliza mdomo wa bata ni nani?"

Wadogo zangu ambao hamjui: saksafoni hapa Tanzania wazee wanaiita mdomo wa bata. Ukiitazama ile shingo yake ilivyopinda na pale inapoingia mdomoni, utaelewa kwa nini.

Nikamwambia ni Shabaka Hutchings, Mwingereza, kazaliwa London mwaka 1984, utotoni akahamia Barbados, baadaye akarudi Uingereza. Mzee akaniuliza, "Umejuaje yote hayo?" Nikamwonyesha kioo cha simu. Jina la wimbo, jina la albamu, jina la mpuliza saksafoni, la mpiga tuba, la kila aliyepiga dramu. Yote yapo.

Akaishika simu akaitazama muda mrefu. Halafu akasema, "Mimi nimepuliza kwenye nyimbo ambazo baba yako amezicheza harusini kwake. Hakuna mahali nimeandikwa."

Wadau, haisi ilipokuja niliiacha iondoke.

Albamu yenye majina ya bibi zetu

Kwanza niwaambie kwa nini maneno ya mzee yalinichoma. Ile albamu niliyokuwa naisikiliza ilitoka mwaka 2018 na inaitwa Your Queen Is a Reptile. Kila wimbo ndani yake umepewa jina la mwanamke mweusi ambaye Shabaka anamhesabu kuwa malkia wake. Yumo Harriet Tubman aliyewatorosha watumwa Marekani, yumo Yaa Asantewaa wa Waashanti, yumo Angela Davis. Na wimbo wa kwanza kabisa ni wa Ada Eastman. Huyo si maarufu. Ni mama wa bibi yake Shabaka mwenyewe.

Yaani jamaa kachukua jina la bibi wa familia yake, kaliweka sawa na majina ya mashujaa wa dunia, kalipeleka mpaka kwenye orodha ya waliowania tuzo ya Mercury ya Uingereza. Leo mtu yuko Ngara anasubiri haisi na anamjua Ada Eastman wa Barbados. Lakini mzee aliyekaa naye benchi moja, aliyepuliza kwenye nyimbo za nchi yake, hamjui.

Huu mdomo wa bata ulifikaje kwetu?

Saksafoni ilibuniwa na Mbelgiji, Adolphe Sax, ambaye alisajili haki ya ubunifu wake Paris mwaka 1846. Kwa hiyo ukilinganisha na ngoma zetu na inanga, ni kitoto kidogo. Mwanzoni ilipata kazi sana kwenye bendi za kijeshi kwa sababu ina sauti kubwa na mtu anaweza kuipuliza huku anatembea.

Huku kwetu vyombo vya kupuliza vilikuja na wanajeshi na wamisionari. Watu wa pwani waliziona bendi za kizungu zikipiga gwaride, wakachukua ile staili na kuifanya ngoma yao, ndiyo ikaitwa beni. Ilianzia pwani ya Kenya mwishoni mwa karne ya 19, ikashuka Tanga na Dar, ikaingia bara na askari wakati wa Vita ya Kwanza ya Dunia.

Halafu zikaja santuri. Kuanzia mwaka 1933 kampuni ya Waingereza ya His Master's Voice ilianza kutoa santuri zenye herufi GV, nyingi zikiwa muziki wa Cuba. Zilisambaa Afrika nzima, na vijana wa mijini wakazinasa kama sisi tunavyonasa nyimbo mpya mtandaoni. Ukijiuliza kwa nini bendi ya Morogoro iliitwa Cuban Marimba, jibu ni hilo.

Na neno "Jazz"? Dar es Salaam Jazz, Morogoro Jazz, Western Jazz, Tabora Jazz, NUTA Jazz. Ukizisikiliza hukuti jazi ya New Orleans hata kidogo. Zile ni rumba na chacha na midundo yetu. Jazz kwa wazee lilimaanisha bendi ya kisasa, yenye magitaa na wapulizaji waliovaa suti. Bila wapulizaji bendi haikuwa na heshima.

Mwajiri ana bendi, wewe una mshahara

Baada ya uhuru bendi nyingi zikawa mali ya taasisi. NUTA Jazz ilianzishwa mwaka 1964 chini ya chama cha wafanyakazi. Chama kilipobadilika kuwa JUWATA bendi nayo ikabadilika jina, baadaye OTTU, na leo ni Msondo Ngoma. Polisi walikuwa na bendi, jeshi likawa na bendi, hata kampuni ya mabasi ya UDA na kiwanda cha Urafiki. Mlimani Park, hao Sikinde, walianza mwaka 1978 na baadaye wakachukuliwa na Shirika la Maendeleo Dar es Salaam, DDC.

Faida ilikuwepo. Saksafoni ni chombo ghali, na kijana wa Rulenge au Nyakahura angekinunua na nini? Taasisi ilinunua vyombo, ikatoa sare, ikalipa mshahara kila mwezi. Mzee wangu alitoka huku wakati mkoa bado unaitwa Ziwa Magharibi. Alikwenda JKT, akafundishwa tarumbeta, na mwaka 1974 akahamishiwa kwenye bendi ya taasisi moja ambayo sitaitaja. Huko ndiko alikopewa saksafoni.

Hasara ndiyo hii: chombo si chako, wimbo si wako. Bendi ilikwenda studio za Radio Tanzania Dar es Salaam, ikarekodi, mkanda ukabaki redioni. Nchini hapakuwa na kiwanda cha kutengeneza santuri, kwa hiyo bendi iliyotaka santuri ilifunga safari mpaka Nairobi. Na kwenye karatasi ya santuri panaenea vitu vichache tu: jina la wimbo, la bendi, pengine la mtunzi.

Mzee alinielezea kurekodi kulivyokuwa. Bendi nzima inapiga kwa mpigo, hakuna kusema nitaingiza sauti yangu kesho. Ukikosea dakika ya tano, wote mnarudi mwanzo na wenzio wanakutazama kwa jicho baya. Wapulizaji walisimama mbali na maikrofoni kwa sababu sauti zao zingewafunika waimbaji. Kile kipande cha mwanzi kinachotetemeka mdomoni kikichoka, hakuna duka la kununua kingine. Alikikwangua kwa wembe mpaka kikakubali.

"Sisi tulisimama nyuma studioni," akaniambia, "tukasimama nyuma jukwaani, tukabaki nyuma mpaka leo."

Aliyesimama mbele: Verckys

Msije mkafikiri ni tatizo la saksafoni. Ng'ambo ya Ziwa Tanganyika, Kongo, alikuwepo Verckys Kiamuangana Mateta. Alijiunga na OK Jazz ya Franco mwaka 1963 akiwa mpuliza saksafoni. Angeweza kubaki nyuma kama wengine. Lakini alirekodi nyimbo pembeni bila ruhusa ya Franco, wakakosana, na mwaka 1969 akaanzisha bendi yake, Orchestre Vévé.

Halafu akafanya jambo kubwa kuliko kupuliza. Alianzisha lebo yake, akajenga studio, akawarekodi vijana wa bendi nyingine. Alipofariki Kinshasa Oktoba 2022, dunia ilijua nani amekufa. Rekodi zake za miaka ya 1970 zimetolewa upya Ulaya jina lake likiwa juu ya kava.

Uganda vilevile. Moses Matovu ni mpuliza saksafoni na mwimbaji, na Afrigo Band imekuwepo tangu mwaka 1975 akiwa mbele yake. Manu Dibango wa Cameroon, aliyepata kupiga na African Jazz ya Kabasele, alitoa Soul Makossa mwaka 1972 kwa jina lake mwenyewe, na alipofariki kwa korona Machi 2020 habari ilizunguka dunia nzima.

Mnaona tofauti? Sidhani kama ni kipaji. Verckys alikuwa na lebo, Matovu ana bendi, Dibango alikuwa na mkataba. Mzee wangu alikuwa na mshahara. Anayemiliki mkanda ndiye anayeandika karatasi ya juu ya mkanda.

Sheria yetu imekuja kuwatambua wapiga vyombo. Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki ya mwaka 1999 inampa haki hata yule ambaye hakutunga wimbo lakini alipiga. Ila sheria inahitaji jina. Haki ya mtu asiyeandikwa popote utampelekea nani?

Siku tatu na daftari moja

Nilirudi kwa mzee siku tatu mfululizo. Nilinunua bando, nikachukua daftari, tukakaa barazani kwake tukazisikiliza zilipendwa moja moja kwenye YouTube. Mjukuu wake wa darasa la sita alikaa nasi.

Nyimbo nyingine alisikiliza nusu dakika akasema, "Hapana, huyu si mimi, huyu anavuta pumzi puani." Nyingine alicheka tu. Ya nne ilipoanza, akainua fimbo. "Subiri. Subiri. Sasa!" Saksafoni ikaingia, na vidole vyake vikaanza kutembea juu ya fimbo kama ina vitufe. Mjukuu akamtazama babu, akaitazama simu, akamtazama tena. "Babu, ni wewe?" Nilijifanya natafuta chaja.

Mpaka siku ya tatu tulikuwa na nyimbo saba. Kifua chake si kizima, anakohoa sana, na siku hiyo ya mwisho tulikatisha mapema akapumzike. Nikamwambia, "Babu, nakwenda kuandika. Jina lako watu watalijua sasa."

Akakataa.

Akasema, "Tulikuwa wapulizaji wawili. Mwenzangu aliifundisha midomo yangu kupuliza, na amekufa zamani. Ukiandika jina langu peke yangu, utakuwa umefanya kama wao. Watafute watoto wake kwanza. Ukiwapata, tuandike wote wawili siku moja."

Ndiyo maana hii stori nzima haina jina lake. Najua inakera. Mimi mwenyewe ninalo jina hapa kwenye daftari na vidole vinawasha. Kichwani nabishana naye kila siku: babu, kifua hicho hakisubiri. Lakini jina ni lake, na masharti ni yake. Natafuta watoto wa mwenzake, nimeshapata mtaa waliowahi kuishi Dar, na nikifanikiwa mtasoma hapa hapa.

Ombi langu

Ninyi mnaoweka zilipendwa kwenye WhatsApp kila Jumapili, safari ijayo kabla hujaweka, mpelekee mzee wa mtaa wenu asikilize. Muulize: nani anapiga solo hapa? Besi? Tumba? Mdomo wa bata ni wa nani? Andika tarehe na jina la aliyekuambia. Haigharimu kitu zaidi ya bando na shikamoo. Mikanda ya redio inaweza kutunzwa kwenye chumba chenye ubaridi. Majina yako kwenye vichwa vya wazee wa miaka sabini na themanini, na hivyo vichwa havina friji.

Shabaka mwenyewe aliiweka saksafoni pembeni mwishoni mwa mwaka 2023, akawa anapuliza filimbi. Nilimwambia mzee. Akatikisa kichwa akasema, "Huyo kaamua mwenyewe kuiacha. Mimi walikuja kuichukua, ilikuwa na namba ya taasisi."

Basi wadau, kama babu au mjomba wako alipuliza kwenye bendi yoyote, iwe Biharamulo, Bukoba, Tabora au Dar, niandikie hapo chini jina lake na bendi yake. Na kama alipuliza na mwenzake, weka majina yote mawili.